Ukuaji, makuzi na maendeleo: lipi litumike katika saikolojia?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa ualimu wa elimu ya awali, na nimepewa insha ya utangulizi kuhusu saikolojia ya binadamu tangu utungo wa mimba hadi uzee. Vitabu vyangu vinatumia ukuaji, makuzi na maendeleo kana kwamba ni kitu kimoja, nayo programu yetu ya taifa inataja malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto kwa mfululizo. Je, maneno haya yanatofautiana, na nitumie lipi?

Jibu: Ndiyo, yanatofautiana, na katika somo lako tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa kila neno linaelekeza macho kwa mtendaji wake. Ukuaji umetokana na kukua, kitenzi kisichohitaji yambwa, yaani mtendwa: mtoto anakua, basi. Makuzi yametokana na kukuza, kitenzi cha kusababisha, hivyo nyuma yake yupo mtu, au yapo mazingira, yanayomfanya mtoto akue. Malezi ni kazi ya anayelea. Methali isemayo “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo” imezikutanisha pande hizo mbili, ya mlezi na ya mtoto mwenyewe, na kwa kufanya hivyo imegusa mjadala mkongwe wa saikolojia kuhusu tunachorithi katika maumbile na tunachopata katika malezi. Methali imeegemea malezi; wanasaikolojia wengi wa leo hukubali kwamba mambo hayo mawili hufanya kazi pamoja, tena kila moja hulibadili lingine. Kwa hiyo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, haikurudia neno moja mara tatu.

Kwa maana finyu, ukuaji ni kile kinachopimwa kwa mizani na futi: uzito, urefu, mzingo wa kichwa. Maendeleo ni stadi zinazoongezeka na kupangika upya. Mtoto aliyeongeza kilo moja tangu kliniki iliyopita amekua. Aliyesimama dede leo, baada ya siku nyingi za kusota na kutambaa, amepiga hatua ya maendeleo, hata kama uzito wake haujabadilika. Hapa nakuomba uwe mwangalifu na kiambishi hu-. Ukiandika “mtoto hutembea akifikisha mwaka mmoja,” umetunga kanuni, na mzazi ambaye mtoto wake ana miezi kumi na minne atashtuka bure. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, uliofanyika Ghana, India, Marekani, Norway na Oman, ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8 na 18 hivi, na wapo wachache waliotembea bila kupitia kutambaa kwa mikono na magoti. Andika “watoto wengi,” kisha utaje masafa ya umri.

Neno ujana nalo linahitaji tahadhari. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, ilhali Shirika la Afya Duniani huweka kipindi cha kutoka utotoni kuelekea utu uzima katika miaka 10 hadi 19. Ukiziita rika zote mbili ujana, msomaji atachanganya msichana wa darasa la sita na baba wa watoto watatu. Maandishi ya afya nchini Tanzania hutumia vijana balehe kwa rika la pili, nami naona ni chaguo zuri.

Kwa somo zima, la tangu utungo hadi uzee, ushauri wangu ni utumie saikolojia ya ukuaji, kisha ueleze mapema kwamba unalichukua neno hilo kwa maana pana. Makuzi yanafaa sura za utotoni, lakini hayamkai vizuri mzee wa miaka 70, ambaye hakuna anayemkuza. Maendeleo yanatokana na kuendelea, kwa hiyo yanadokeza kwenda mbele tu, ilhali mwanasaikolojia Paul Baltes alisisitiza kwamba kila umri una faida na hasara zake: kasi ya kufikiri huanza kupungua mapema katika utu uzima, huku msamiati na maarifa yaliyokusanywa vikidumu kwa muda mrefu zaidi. Kukua kunastahimili upana huo, kwa sababu hata katika mazungumzo ya kawaida kijana aliyeanza kubeba majukumu ya nyumbani huambiwa “sasa umekua,” wala hakuna anayefikiria kimo chake.

Hivyo, unapoeleza hatua nne za mwanasaikolojia Jean Piaget, ambazo zinaishia katika umri wa balehe na zinahusu kufikiri, unaweza kuandika maendeleo ya utambuzi bila kukosea. Unapofika kwa mwanasaikolojia mwingine, Erik Erikson, ambaye hatua zake nane zinakwenda hadi uzeeni, rudi kwenye ukuaji. Hatua yake ya mwisho, ya mzee anayeyatazama maisha yake na ama kuyaridhia ama kukata tamaa, ieleze kwa sentensi nzima hivyo hivyo, badala ya kulazimisha neno moja.