Kwa anayeanza kusikiliza muziki laini wa miaka ya sabini, ningempa Tapestry

Ndugu mleta mada, umesema kwamba mwanao wa miaka 17 ameanza kupenda nyimbo za taratibu za Marekani na Uingereza za mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kwamba unataka kumnunulia santuri moja tu. Walionitangulia wametaja Bridge over Troubled Water ya Simon na Garfunkel na Tea for the Tillerman ya Cat Stevens, zote za mwaka 1970, na mimi pia nazithamini. Hata hivyo, ningemnunulia Tapestry ya Carole King, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, nami naomba nieleze kwa urefu kidogo kwa sababu albamu hiyo nimeishi nayo kwa zaidi ya miaka 30.

Niliipata kwenye kaseti ya marehemu mjomba wangu, ambaye aliirekodi kutoka kwenye santuri ya rafiki yake bila kuandika jina la mwimbaji wala la wimbo hata mmoja. Wakati huo nilikuwa najifunza kupiga kinanda kanisani, na kila jioni baada ya mazoezi ya kwaya nilikuwa najaribu kuzipiga nyimbo zile kwa kuzisikiliza tu. Ndipo nilipogundua kwamba piano ya mama huyu ndiyo inayoubeba wimbo mzima: mkono wa kushoto unatembea na besi, wa kulia unamjibu mwimbaji, na ngoma zinaingia kwa adabu, kana kwamba zimeomba ruhusa. Baadaye nilisoma kwamba mtayarishaji wake, Lou Adler, alikusudia hivyo hasa, yaani msikilizaji ahisi yumo chumbani na Carole King ameketi kwenye piano mbele yake.

Wimbo ulionishika kuliko yote ni Will You Love Me Tomorrow. Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliutunga kwa ajili ya albamu hii, mpaka siku moja nilipousikia redioni ukiimbwa na kundi la wasichana la The Shirelles, kwa mwendo wa haraka na vayolini nyuma yake, nikasimama katikati ya chumba. Kumbe Carole King aliutunga pamoja na Gerry Goffin, aliyekuwa mumewe, akiwa na umri wa miaka 18 tu, na mwanzoni mwa mwaka 1961 wasichana wale waliufikisha nafasi ya kwanza Marekani. Kwao, swali la kama mpenzi ataendelea kupenda hata kesho ni swali la msichana ambaye usiku wake haujaisha.

Tapestry ilitoka tarehe 10 Februari 1971, siku moja baada ya mtunzi kutimiza miaka 29. Alikuwa ameshaachana na Goffin, ana mabinti wawili, na mume wake mpya, Charles Larkey, ndiye aliyempigia besi humo. Ameupunguza mwendo wimbo ule karibu kuusimamisha, na nyuma yake wanaitikia waimbaji wenzake, James Taylor na Joni Mitchell. Maneno ni yaleyale, lakini anayeuliza sasa ameshaiona kesho yake, naye anauliza hata hivyo. Sijui albamu nyingine ya miaka ile ambamo mtunzi anaurudia wimbo wa ujana wake na kuufanya useme jambo ambalo haukuweza kulisema mwanzoni. Natural Woman, ambao Aretha Franklin aliuimba mwaka 1967, unafunga albamu kwa namna hiyohiyo, ingawa hapo nakiri kwamba sauti ya Aretha bado haijapata wa kuifikia.

Ipo sababu nyingine ya kuanzia hapa: Tapestry inamfungulia kijana milango mingine. Ilirekodiwa Januari 1971 katika studio za A&M, Hollywood, na katika kipindi hichohicho Joni Mitchell alikuwa kwenye jengo hilohilo akirekodi albamu yake, Blue. James Taylor alipiga gitaa katika albamu zote mbili, na Russ Kunkel alipiga ngoma katika zote mbili. Taylor aliupenda You've Got a Friend, wimbo uliomo kwenye Tapestry, akaurekodi yeye mwenyewe, na mwaka huohuo ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Kwa hiyo atakayeizoea Tapestry atafika kwenye Blue bila kusukumwa, ingawa Blue ni chungu zaidi na inahitaji moyo uliotulia.

Kuhusu mafanikio yake nitasema machache: wiki 15 katika nafasi ya kwanza Marekani na tuzo nne za Grammy mwaka 1972. Wala sisemi kwamba haina upungufu. Smackwater Jack, kwa maoni yangu, inaukatiza utulivu wa upande wa pili, na mara nyingi huinua sindano nikaivuka.

Ukishaipata, usimwambie mwanao lolote kuhusu tuzo. Mtafutie kwanza wimbo ule wa The Shirelles, ausikilize mara mbili, kisha mwekee upande wa pili wa Tapestry, wimbo wa tatu.