Kupindua maneno bila kumpoteza msomaji

Kiswahili kinaruhusu kupindua sentensi kuliko wanavyodhani waandishi wengi chipukizi, kwa sababu kitenzi chenyewe hubeba alama ya mtenda na ya mtendwa. Chukua sentensi ambayo hapa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania haimshangazi mtu: "Wakulima wamevuna viazi." Ukitaka viazi vitangulie, andika "Viazi wamevivuna wakulima." Kile kiambishi -vi- ndicho kinachoishika sentensi. Kiondoe, "Viazi wamevuna wakulima," na msomaji atajikwaa. Methali zimeufanya mchezo huu tangu zamani: "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Mwana ametangulia, lakini -m- imebaki ndani ya kitenzi kumwakilisha.

Katika shairi la kimapokeo hapo ndipo penye mtego. Kiambishi cha mtendwa huongeza mizani (silabi) moja: "wamevuna" ni 4, "wamevivuna" ni 5. Mshairi anayebanwa na mizani 8 hukifuta ili kipande (nusu ya mshororo) kienee, na maana inakwenda nacho. Afadhali ubane njeo (alama ya wakati): "wanavivuna" ina mizani 5, "wavivuna" ina 4, na kiambishi kipo salama.

Kupindua kiima (nomino inayotawala kitenzi) na kitenzi hakuna gharama hiyo. "Milima imefunikwa" ni mizani 8, kina chake (silabi ya mwisho) -kwa. "Imefunikwa milima" ni mizani 8 vilevile, ila kina kimekuwa -ma, na mshororo unaofuata unaweza kuanza na "Majembe yamesimama." Lakini usifanye hivyo kwa ajili ya kina tu. Neno linalokuja mwishoni ndilo sikio hulipokea kama habari mpya. "Wageni wamekuja" husemwa pale wageni walipokuwa wakingojwa. "Wamekuja wageni" ni taarifa kwa mtu ambaye hakuwa na habari. Mshairi anayezichanganya anapata kina na kupoteza alichotaka kusema.

Hatari kubwa ni mtenda na mtendwa wa ngeli moja na idadi moja. "Mbwa amemuuma paka" ukiipindua inakuwa "Paka amemuuma mbwa," na sasa aliyeumwa ni mbwa! Kiambishi hakikusaidii hapa, maana a- na -m- vinawafaa wote wawili. Badili idadi ya mmoja wao, mradi nomino zenyewe zionyeshe umoja na wingi ("Mtoto amewaona wageni" ukipindua ni "Wageni amewaona mtoto," na bado inaeleweka), au tumia kauli ya kutendwa.

Mahali napo panaweza kutangulia, kitenzi kikafuata upatanisho wa mahali: "Mwanjelwa kumejaa ndizi" (Mwanjelwa ni soko la Mbeya). Kwa kufungulia hadithi, umbo hili ni zuri sana, kwani msomaji anaiona sehemu kabla ya vilivyomo.

Kwenye vikundi vya nomino uwe mwangalifu zaidi. "Wangu mwana" inakubalika na ina uzito wa mapenzi au wa kilio. "Huyu mtoto" ni usemi wa kila siku, haina mbinu yoyote ya kutajwa. "Ya chai mashamba" inachosha: msomaji anabeba "ya" bila kujua ni ya nini, na mara nyingi inaonyesha tu kwamba mshairi alikosa kina.

Kwa wanaochambua fasihi darasani: "viazi walivyovivuna wakulima" si upinduzi. Kirejeshi cha mtendwa (hapa -vyo-) kikiwa ndani ya kitenzi, mtenda hukaa nyuma kwa kanuni ya kawaida. Usiuhesabu kuwa uhuru wa mshairi.

Katika nathari, upinduzi mmoja kwa aya unatosha, uwekwe pale mambo yanapogeuka. Kwenye mazungumzo ya wahusika unaweza kuongeza, ila chunga mkato. "Kaondoka mzee yule" inatangaza aliyeondoka. "Kaondoka, mzee yule" inamchukulia kuwa anajulikana, na msemaji anamtaja tena kwa masikitiko au kwa kejeli.