Laki tatu ya kunyamaza: je, ni halali?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Nina yadi ya mbao Mafinga. Mlinzi wangu wa usiku alishirikiana na dereva wa fuso wakaniibia mbao za paina za shilingi 500,000. Mlinzi amekiri. Ndugu zake wakaja na wazee, wakanilipa hiyo laki tano, na juu yake laki tatu ili nisiende polisi. Tukaandikiana kwamba sitalizungumza popote. Mke wangu anasema laki tatu hiyo haina baraka. Je, nimekosea?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Mkeo ameona mbali kuliko wazee wote waliokaa kikao hicho.

Laki tano ni haki yako, imerudi. Wala hukulazimika kumburuta mtu polisi ndipo ulipwe. Swafwaan bin Umayya aliibiwa shuka lake akiwa amelala msikitini, akamkamata mwizi na kumpeleka kwa Mtume (s.a.w.). Hukumu ilipotoka, huruma ikamwingia, akasema anamsamehe. Mtume akamwuliza: mbona hukufanya hivyo kabla hujamleta kwangu? Basi mwenye mali anao mlango wa kusamehe kabla shauri halijafika kwa hakimu. Ungesema "nimesamehe, nilipeni mbao zangu", ningekuombea dua na barua yako ingeishia hapo.

Lakini hukusamehe, umeuza. Mbao zimeshalipwa, gharama nyingine hukuitaja, kwa hiyo laki tatu ni bei ya kinywa chako. Na Allah amesema: "Wala msifiche ushahidi. Na atakayeuficha, basi hakika moyo wake ni wenye dhambi" (2:283). Ibn Qudama, imamu mkubwa wa madhehebu ya Kihanbali, ameeleza kwamba mtu akipatana na mwizi kwa malipo ili asimfikishe kwa mtawala, sulhu (mapatano) hiyo haisihi na malipo hayafai kuchukuliwa.

Msingi wake tunauona kwa yule baba ambaye mwanawe, kibarua, alizini na mke wa bosi wake. Baba akalipa kondoo mia na mjakazi ili yaishe. Wote walikuwa wameridhika na mapatano hayo, lakini Mtume (s.a.w.) akaamuru mali irudi kwa baba. Kuridhiana kwenu na ile karatasi, basi, havihalalishi kitu.

Karatasi yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kijana huyo kesho ataomba lindo yadi ya jirani, na jirani atakuja kukuuliza habari zake. Utajibu nini, ilhali umelipwa usiseme? Fatima bint Qays alipomtaka Mtume ushauri kuhusu waliomposa, alielezwa aibu zao waziwazi, kwa kuwa anayetaka ushauri hadanganywi. Sitara, yaani kumfichia mtu aibu yake, ipo, na ina thawabu kubwa, ila mwanachuoni Imamu Nawawi amebainisha kuwa ni ya mtu asiyejulikana kwa madhara. Dereva anayezunguka na fuso usiku sidhani kama yumo humo, na ninashangaa kwamba kikao kizima hakuna aliyemtaja.

Sheria ya nchi nayo, katika Kanuni ya Adhabu, inahesabu kupokea malipo ili kuficha kosa kubwa kuwa ni kosa.

Na ruhusa hii ya kusamehe usiipeleke kwenye kila kosa, mfano binti wa kazi za ndani aliyenajisiwa, baba yake akaletewa ng'ombe ili anyamaze. Hapo baba hana cha kusamehe. Haki ni ya mtoto, na anayepokea ng'ombe hao amemdhulumu mara ya pili.

Rudisha laki tatu kwa waliotoa, mbele ya wazee walewale, na karatasi ichanwe. Wakikwambia "kaa nayo tu, ni zawadi", usikubali, kwa sababu isingekuwa wizi wasingekuletea. Kumsamehe mlinzi bado unaweza, bure. Habari za dereva zipeleke kituoni, na jirani akiuliza, mwambie unachokijua bila kuongeza.

Wallahu a'lam.