Mwulize Bibi: Nawapeleka watoto mapangoni, niwajibuje wazazi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita huku Lushoto. Muhula huu tunataka kuwateremsha watoto 42 hadi Tanga wakayaone mapango ya Amboni. Wazazi wawili wamegoma. Mmoja anasema kule kuna mzimu. Mwingine amesikia mbwa aliingia Amboni akatokea Kilimanjaro, kwa hiyo mtoto akipotea ndiyo basi tena. Na mimi mwenyewe, nikuambie kweli, mahali pafinyu hunibana kifua. Nifanyeje?
Mwalimu, Lushoto

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenigusa, maana mimi ni mtoto wa Tanga na Amboni nimeingia tangu nang'oka meno ya utoto, nimeshikwa mkono na mjomba wangu. Siku hiyo nilivaa kandambili. Nikateleza kwenye jiwe lenye maji, goti likachanika, na kovu ninalo hadi leo. Kwa hiyo la kwanza kabisa: kila mtoto avae viatu vya kufunga, vyenye soli inayoshika.

Hadithi ya mbwa nami nimekua nayo. Lakini mapango yale yameshapimwa: yapo kumi, wageni hutembezwa katika moja, na refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Kutoka pale hadi Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo usimcheke mzazi huyo. Njia za ndani zinagawanyika, na mtoto anaweza kupotea hatua 30 tu kutoka kwa wenzake. Wagawe makundi matatu ya watoto 14. Mwongozaji atangulie, mwalimu awe wa mwisho, na asiwepo wa kumpita mwongozaji wala wa kubaki nyuma ya mwalimu. Wahesabu mlangoni, wahesabu kila mnapotoka kwenye uchochoro, wahesabu tena juani. Mwongozaji atakuwa na tochi, nanyi chukueni zenu zenye betri mpya.

Kuna mahali waongozaji hupenda kuomba tochi zote zizimwe. Giza lile silo la usiku wa Lushoto. Unaweka kiganja mbele ya pua hukioni. Waambie watoto mapema, washikane mikono kwanza. Aliyeambiwa hufurahi, aliyeshtukizwa hulia, na mmoja akilia wanalia wote.

Kuhusu kifua chako, mwambie mwongozaji kabla hamjaingia. Kuna sehemu za kuinama na za kupita ubavuubavu. Ukiona huwezi, baki kwenye ukumbi wa mwanzo, ambao dari yake iko juu na hewa inapita, mwenzako aendelee na kundi. Kujilazimisha mbele ya watoto ni hatari kwao kuliko kwako. Na mwenye pumu asikae chini ya popo. Mavi yao yakikauka hutoa vumbi lenye ukungu unaodhuru mapafu. Wote wanawe mikono kabla ya kugusa vitumbua.

Sasa lile ninalolipenda. Usiwapeleke kabla hujawafundisha jiwe lenyewe. Mwamba ule ni chokaa iliyojilimbikiza chini ya bahari takriban miaka milioni 150 iliyopita. Wa aina hiyohiyo unachimbwa Pongwe kutengenezea saruji. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa, yakawa na uchachu kidogo, yakaula mwamba taratibu hadi ukawa na vyumba. Wadondoshee ndimu kwenye ganda la yai darasani, waone povu. Kisha wakifika Amboni watazame dari: tone linaning'inia, hewa ya ukaa inatoka, chokaa kidogo inabaki. Tone juu ya tone, jiwe linashuka kama chuchu ya ng'ombe. Linaloshuka ni stalaktiti, linaloinuka kutoka chini ni stalagmiti. Mengine yamechukua maumbo, na mwongozaji atawaonyesha mamba na ramani ya Afrika.

Wasiyaguse, mwalimu. Mafuta ya vidole yakishika juu ya jiwe, chokaa mpya haikamati vizuri, na jiwe linakuwa jeusi. Nimeona mengine yamevunjwa ncha ili mtu aende na kumbukumbu nyumbani. Nilisikia uchungu kama nimeona mti wa mkarafuu umekatwa ukiwa na maua. Eneo lile lilitangazwa hifadhi tangu enzi za Waingereza, na bado ncha hazirudi.

Limebaki la mzimu. Mzazi wako hajakosea: watu huja pale kuomba na kutambika, na mtaona walivyoviacha, vitambaa, chupa za marashi, sarafu. Usimwambie mzazi kwamba ni ushirikina, wala usiwaache watoto wapige kelele au kuokota kitu pale. Wafundishe kupita kimya, kama wanavyopita mbele ya msikiti au kanisa watu wakisali. Mzazi aliyekuambia habari ya mzimu anajua kuheshimu mahali, na watoto 42 wanahitaji mtu wa namna hiyo. Nenda nyumbani kwake, umwombe afuatane nanyi. Nafasi moja kwenye basi haikosekani.