Flashi moja, kompyuta mbili

Mtaani mafundi husema "kupiga window", yaani kuweka Windows kwenye kompyuta. Mimi nilipoanza kupiga Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, flashi yangu ya kwanza ya kuwashia ilinitia aibu ukweni. Kwenye laptopu yangu iliwaka bila shida. Kwa shemeji, kwenye kompyuta yake kuukuu, ikaandika kwamba haijaona mfumo wowote. Nikailaumu flashi, nikanunua nyingine. Yaleyale!

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilifungua faili la ISO, yaani faili moja lenye diski nzima ya kuwekea mfumo, nikanakili vilivyomo vyote kwenye flashi ya FAT32 (mpangilio wa kawaida wa flashi), basi. Kwa UEFI, programu ya ndani inayoanza kuwasha kompyuta za siku hizi, hiyo inatosha: yenyewe huingia kwenye folda ya EFI/BOOT na kufungua faili liitwalo bootx64.efi. BIOS, iliyofanya kazi hiyo kwenye kompyuta za zamani, haijui mafaili. Inasoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kufuata maagizo iliyoyakuta pale, na mimi sikuwa nimeweka agizo lolote.

Kwa hiyo usinakili, iandike ISO nzima kama ilivyo, kwa amri ya Linux iliyo hapa chini. ISO za Ubuntu na Debian (aina za Linux) za kompyuta za kawaida zimetengenezwa ziwake kwa UEFI na kwa BIOS:

sudo dd if=ubuntu.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress

Hiyo sdX ibadilishe kwa jina la flashi yako, na uendeshe kwanza amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zote, uangalie ukubwa, maana dd hufuta kilichomo. Mimi niliwahi kuandika sda badala ya sdb. Sitaki kulizungumzia.

Kujua kompyuta yako iliwaka kwa njia gani ni rahisi. Kwenye Windows fungua msinfo32, usome mstari wa BIOS Mode. Kwenye Linux, ukiiona folda ya /sys/firmware/efi, ni UEFI.

Zilizonisumbua zaidi ni zile laptopu ndogo zenye prosesa ya Atom ya Intel. Prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI yake ni ya biti 32, kwa hiyo inatafuta bootia32.efi. Flashi isiyo na faili hilo haitaonekana hata kwenye menyu, na utaapa kwamba tundu la USB limekufa.

Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa programu zisizosainiwa, nayo ikigoma, jaribu kwanza Ubuntu au Fedora, maana zimesainiwa, kabla hujaizima.

Ile flashi niliyonunua kwa hasira ninatembea nayo hadi leo. Nimeweka Ventoy, programu ya kuwashia ISO kadhaa kwenye flashi moja, inayowaka kwa BIOS na kwa UEFI, na ISO nne ndani yake. Kompyuta ya shemeji ilipigwa Linux kwa flashi hiyo hiyo.