Je, ofisa wa ugavi anaweza kufika ujenerali?

Ndugu, uliuliza kama mtu wa stoo na malori anaweza kupanda hadi ujenerali. Anaweza. Mtazame William "Gus" Pagonis wa Marekani. Katika vita vya Vietnam alihudumu kwenye boti za mizigo za jeshi. Agosti 1990, Iraki ilipoivamia Kuwait, akatua Saudi Arabia akiwa meja jenerali, na askari wakaanza kumiminika kuliko mahema yaliyokuwepo. Akakodi ya wenyeji, mabasi na malori pia.

Kazi yenyewe ilikuja mwanzoni mwa 1991: kuhamisha kori mbili nzima (kori ni kikosi kikubwa chenye divisheni kadhaa) kuelekea magharibi, mamia ya kilomita jangwani, bila Iraki kushtuka, kisha kuwatangulizia mafuta, maji na risasi. Nyota ya tatu, yaani uluteni jenerali, aliipata vita ikiendelea. Hapo kwangu ndipo penye jibu lako, kwa sababu kifaru bila dizeli ni chuma tu.

Vita ilipoisha akabaki kusimamia kurudisha vifaa nyumbani, kazi ambayo hakuna anayeipigia picha. Alistaafu 1993, akaenda kuongoza ugavi wa maduka ya Sears.