Seli zinastawi, protini haionekani

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uzamili ninayezalisha protini ya binadamu kwa seli za CHO, yaani seli za ovari ya hamster wa China. Nimezipandikiza jeni, nikazichuja kwa dawa inayoua zisizoipokea, nazo zinastawi vizuri katika nyuzi 37. Hata hivyo, protini ninayoikuta kwenye lishe, yaani kimiminika zinamokulia, ni kidogo mno. Niliambiwa nirudie upandikizaji kwa DNA nyingi zaidi. Nimefanya hivyo bila mafanikio. Nakosea wapi?

JIBU: Nahisi umezilea seli zako kama mtu anayetaka seli, ilhali unachotaka ni protini. Seli inayojigawa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kujenga seli nyingine. Ndiyo maana viwanda vingi huzikuza kwanza katika nyuzi 37, kisha, zikishakuwa nyingi lakini kabla hazijaanza kudhoofika, hushusha joto hadi kati ya nyuzi 30 na 33. Hapo seli nyingi husimama katika hatua ya G1 ya mzunguko wake, ile inayotangulia kunakili DNA: hazijigawi, ila zinaendelea kuishi, na mara nyingi kila moja hutoa protini zaidi kuliko awali. Ukishusha mapema utabaki na seli chache zenye bidii. Ukichelewa utakuwa unazipoza seli zilizokwisha kuishiwa chakula. Gawa seli za chupa moja katika chupa mbili, moja ibaki kwenye 37 na nyingine ihamie 32 siku ya tatu, halafu kila siku hesabu seli hai na upime protini. Bila hesabu hiyo ya seli, kipimo cha protini peke yake kitakudanganya.

Angalia pia chakula. Lishe yenye fenoli nyekundu, rangi inayoonyesha asidi, ikiwa ya njano asubuhi, jua asidi ya laktiki imejaa, na kwa kawaida chanzo chake ni glukosi iliyotiwa yote kwa mkupuo. Glutamini nayo huacha amonia, ambayo huvuruga hata minyororo ya sukari inayobandikwa kwenye protini. Lisha kidogo kidogo. Sodiamu butireti, kemikali inayoamsha jeni, husaidia pia, lakini huziua seli upesi, kwa hiyo mimi nisingeanza nayo.

Kuhusu DNA, ushauri uliopewa haukugusa kiini cha tatizo. Jeni hujipachika popote kwenye kromosomu, na ikiangukia sehemu iliyofungwa hunyamaza, hata uitie kwa wingi gani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, tPA, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilitokana na seli za CHO zilizozoeshwa hatua kwa hatua methotreksati, dawa inayozuia kimeng'enya cha DHFR ambacho seli hukihitaji ili kukua, hadi zikabaki zile tu zilizorudufu jeni ya DHFR pamoja na jeni jirani ya tPA. Kwa hiyo tenganisha seli moja moja kwenye visahani vya visima 96, uzikuze na upime kila ukoo. Ni kazi ya wiki kadhaa, na koo nyingi utazitupa.